Mamba Muntu na Moyo Mtakatifu Ukutani

Maneno yaliyosemwa katika ukumbi wa paroki, Mashamba, siku za jubilei



Kamati ya jubilei ilitutaka kusema juu ya picha. Habari za mwanzo wa misioni, za wakatekista wa kwanza na za kengele, zimekwisha kuandikwa na wengine katika kitabu hiki, nazo zimeandikwa vizuri. Sisi tumeachiwa jambo ambalo miezi hii limeleta ubishi katika jumuiya zetu. Wakristu wengine wanasema kwamba mwaka wa jubilei ni mwaka wa kusafisha nyumba. Kwa hiyo kila tablo ya mamba muntu iondolewe ukutani, iletwe mbele ya kanisa na kuchomwa. Wengine wanajibu kwamba tablo ni rangi juu ya kitambaa, haina pumzi, na tena ni urithi wa marehemu baba. Na kuna nyumba ambako ubishi huo haukuishia kwa tablo: mtoto mdogo alianza kuulizwa maswali usiku. Hilo tutalisema mbele, kwani ndilo lililotufanya tukubali kazi hii.

Tuitazame kwanza picha yenyewe, maana wanaoichukia na wanaoitetea wanafanana katika jambo moja, ya kuwa hawaitazami.

Mwanamke ameketi juu ya jiwe kando ya maji. Toka kichwani hadi kiunoni ni mtu; ngozi yake ni nyeupe au ya maji ya kunde, nywele zake ndefu zimeshuka mabegani. Toka kiunoni kwenda chini ni samaki. Mkono mmoja umeshika kioo, mwingine kichanuo. Ana saa ya mkono, mkufu shingoni, na mara nyingi nyoka amemzunguka mwilini. Jina lake lataja mamba, lakini mchoraji hakumpa mkia wa mamba. Twaweza kufahamu kwamba jina lasema kazi yake kuliko umbo lake, kwa sababu mamba ni yule avutaye watu na kuwapeleka chini ya maji.

Masimulizi yake yanajulikana toka Kolwezi mpaka Likasi na Lubumbashi. Mtu akipita mtoni akamkuta anachana nywele, mamba muntu hushtuka na kujitupa majini, akiacha juu ya jiwe kichanuo, ama kioo, ama uzi wa nywele zake. Mpita njia akiokota kitu hicho, usiku hujiwa katika ndoto: mwenye mali anadai mali yake. Ndipo mapatano hufanyika. Mtu atapata utajiri, naye atafunga kinywa. Hata mkewe hatamwambia neno. Wasimulizi wengine husema hatalala tena na mke. Wengine husema hatazaa. Na wengine husema, kwa sauti ya chini, kwamba atadaiwa mtu wa ukoo wake, na kwamba deni hilo hulipwa kwa mtoto.

Mwanamke huyu hakuzaliwa katika Lualaba peke yake. Katika Afrika ya Magharibi wanamwita Mami Wata, na wataalamu wamefuata nyayo zake hadi mji wa Hamburg, Ujerumani, ambako katika miaka ya 1880 ilichapwa picha ya rangi ya mwanamke mwenye kucheza na nyoka. Picha ile ilivuka bahari, ikapendwa sana katika pwani ya Afrika, na mwaka 1955 ilichapwa tena Bombay, Uhindi, kwa ajili ya mfanyabiashara mmoja wa Kumasi. Mkia wa samaki nao ni wa siku nyingi katika michoro ya mabaharia wa Ulaya. Basi anayedai kwamba tablo hii ni mila safi ya wankambo, asafiri kwanza Hamburg. Lakini imani ya roho wakaao majini haikuja kwa meli. Kwa Waluba, vidye, wale roho wakubwa, hukaa katika maziwa, katika chemchemi za maji ya moto na katika milima, nao walikuwako kabla mzungu hajaleta karatasi ya rangi. Picha ya kigeni ilikuta nafasi iliyokwisha kutayarishwa.

Katika miaka ya 1970 tablo hizi zilijaa katika nyumba za wafanyakazi wa Shaba yote. Mchoraji alitandaza gunia la unga, akalipaka rangi ya chini, akachora juu yake, akalipigilia kwenye fremu ya mbao, kisha yeye mwenyewe au kijana wake akalitembeza mlango kwa mlango. Walichora mamba muntu. Walichora pia Koloni ya Ubeljiji, pale mfungwa analazwa chini na kupigwa fimbo. Walichora watumwa na Waarabu, na simba, na kijiji kando ya mto. Johannes Fabian, aliyefundisha katika chuo kikuu cha Lubumbashi kati ya 1972 na 1974, alikusanya tablo hizo pamoja na Ilona Szombati na kuwauliza watu kwa nini wanazitundika. Neno walilomjibu ni la lugha yetu: ukumbusho. Hawakusema pambo, wala hawakusema dawa. Kitu cha ukumbusho ni kile kinachoamsha mawazo ndani ya mtu. Na ukutani pale pale, karibu na mamba muntu, palikuwa na Moyo Mtakatifu wa Yezu, Bikira Maria, foto ya ndoa na kalenda ya mwaka uliopita. Wenye nyumba hawakuona vita kati ya picha hizo. Je, walikuwa wakristu nusu? Tusiseme haraka.

Ili tujibu, inatupasa kurudi nyuma ya gunia la unga, kwa wankambo waliochonga mti na kuyeyusha shaba.

Wazee wetu waliweka imani yao katika vitu vinavyoonekana. Mganga wa Kiluba, yule bilumbu, alikuwa na sanamu ya mwanamke aliyeketi na kushika bakuli, nayo yaitwa mboko. Ndani ya bakuli mliwekwa mpemba, chokaa nyeupe, alama ya usafi na ya nchi ya roho. Mgeni mwenye shida aliichukua na kujipaka kabla ya kusema neno lake. Wazungu wa kwanza walipoona mwanamke ameshika bakuli, waliandika katika vitabu vyao kwamba ni mwombaji wa sadaka. Mwenye kutoa waliona ni mwenye kuomba! Kosa hilo lilidumu miaka mingi, na sisi tunalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi ilivyo rahisi kusimama mbele ya sanamu na kusoma kinyume.

Watshokwe, majirani na ndugu zetu upande wa magharibi, wana vinyago vya kuchezwa. Kinyago kimoja, Tshihongo, ni cha nguvu na utajiri, na zamani kilikuwa cha wakubwa. Kingine, Pwo, ni cha mama wa ukoo. Uso wake una chale, macho yake karibu yamefungwa, na anayekivaa ni mwanamume, ingawa kinaheshimu wanawake waliozaa na kulea. Pwo huleta uzazi. Hawa wawili huendana. Wankambo hawakumwacha tajiri acheze peke yake. Utajiri uliwekewa mwenzake, na mwenzake ni uzazi. Tunaomba mkumbuke jambo hili, tutalirudia.

Na shaba yenyewe. Kabla ya Union Minière kuanzishwa mwaka 1906, kabla ya mashine ya kwanza, wafuaji wa nchi hii waliiyeyusha katika tanuru za udongo na kuimimina katika mfano wa msalaba. Mgr de Hemptinne, mbenediktini, aliandika juu yao mwaka 1926 akiwaita walaji wa shaba, kwa maana ya watu wanaojipatia chakula chao katika shaba. Kazi yao ilikuwa na majira yake, miiko yake na maombi yake kwa wankambo. Misalaba ile ilikuwa fedha. Lakini huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, ambako makaburi ya kale yalifukuliwa mwaka 1957 na 1958, misalaba ya shaba ilikutwa kaburini pamoja na marehemu, mingine juu ya kifua chake. Ni misalaba ya mamia ya miaka kabla ya misioni. Haina habari ya Golgota, na tusiifanye iseme yale isiyoyajua. Hata hivyo inasema jambo moja: fedha ilimfuata mtu hadi kwa wakubwa wake, nayo haikuonewa haya mbele ya wafu.

Misioni ilipofika, sehemu kubwa ya vitu hivyo iliangamia. Mtu alipotaka ubatizo aliambiwa alete mikishi yake, na moto ukawashwa. Hatuko hapa kuwahukumu wakatekista wa siku zile; wengi wao walitoka katika hofu kubwa ya ulozi, na kwao moto ule ulikuwa ukombozi wa kweli. Lakini tuongeze neno dogo. Moto haukuzipata sanamu zote. Zile zilizochongwa vizuri zaidi zilipanda meli, na leo zinakaa Tervuren, katika vioo, zikiwashiwa taa. Mkristu wa Kolwezi aliambiwa ni takataka. Mtoto wa Ulaya analipa tiketi ili azione.

Sasa tufike kwa mtu ambaye jina lake limeshikamana na mji huu. Padri Placide Tempels, mfransiskani, alizaliwa Ubeljiji mwaka 1906, akaja Kongo mwaka 1933, na mwaka 1945 kitabu chake juu ya filosofia ya wabantu kilitoka Elisabethville. Kitabu kile kimesifiwa na kupingwa katika dunia nzima, wala hatutaingia humo. Linalotuhusu ni lile lililotokea baadaye, katika miaka ya 1950, katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière hapa Kolwezi. Padri huyo aliacha kwanza kufundisha, akaanza kuuliza. Aliwauliza baba na mama wa kambi: ninyi wenyewe, katika moyo wenu, mnatafuta nini? Toka katika mazungumzo hayo yalitoka maneno matatu yaliyokuwa kama nguzo za Jamaa: uzima, uzazi, mapendo. Mtu anataka kuwa hai na mwenye nguvu. Anataka kuzaa, wala si kwa mwili tu. Anataka kuungana na mwenzake pasipo kificho. Tempels aliona kwamba hayo matatu ndiyo Injili ilikuja kuyatimiza. Baadaye Jamaa iliingia katika magumu, vikundi vingine vikajitenga na Kanisa, na yeye mwenyewe alirudi Ubeljiji mwaka 1962, akafariki huko mwaka 1977. Lakini maneno yale matatu yalibaki katika vinywa vya wazee wetu.

Chukueni basi maneno hayo mkasimame nayo mbele ya tablo ya mamba muntu. Utajiri wake unafanana na uzima: nguo, saa, nyumba, heshima. Lakini uzazi unaondolewa. Tajiri hazai, au anazaa na kuzika. Na mapendo yanaondolewa pia, kwa kuwa mke na mume waliokatazwa kuambiana neno hawana tena ndoa, wana nyumba tu. Mamba muntu ni mafundisho ya Jamaa yaliyogeuzwa kichwa chini. Ni Tshihongo aliyefukuza Pwo. Mwanamke wa tablo ni mzuri, amepambwa, lakini tazameni: hana mtoto mgongoni, na anayemtazama ndani ya kioo ni yeye mwenyewe.

Ndiyo maana hatukubali kwamba mfanyakazi aliyeitundika alikuwa anamwabudu. Alikuwa anamtazama. Mtu aliyetoka kijijini akaingia katika kambi ya kompani aliona jambo ambalo baba yake hakuliona: kwamba mtu mmoja anaweza kupata mali nyingi kwa upesi, naye hajalima wala hajafuga, wala ukoo haukumpa, na kwamba nyuma ya mali hiyo kuna watu waliokufa. Hakuwa na kitabu cha uchumi cha kumweleza. Alikuwa na picha. Picha ilimwambia: mali ina mwenyewe, nawe utaulizwa umelipa kwa nani.

Na katika nchi hii mali imelipwa kwa watu kweli. Mji wetu ulianzishwa mwaka 1937 kwa sababu ya shaba. Mwezi wa Septemba 1990 sehemu ya mgodi wa Kamoto iliporomoka, na nguvu ya Gécamines ikaanguka pamoja nayo. Mnamo mwaka 2003 wafanyakazi wake zaidi ya elfu kumi waliondolewa kazini kwa fungu la mwisho la fedha, na wengi waliingia katika mashimo wakiwa na jembe na tochi. Mwaka 2014, huko Kasulo, kobalti ilipatikana chini ya nyumba za watu, na watu wakachimba chini ya vyumba vyao vya kulala. Tarehe 27 Juni 2019, katika machimbo ya KOV, udongo uliwafunika wachimbaji zaidi ya thelathini. Sisi wa Mashamba twajua zaidi ya wengine. Jina letu lasema kilimo, na hatukuvuna humo ila mawe. Tena pampu za karieri ziliposimama, maji yalijaa ndani ya mashimo yetu yakawa maziwa, hata ikalazimu kuyavuta tena ili kazi irudi. Katika miaka ya maji yale, mama alimkataza mwanawe kuoga humo kwa kumtajia mamba muntu. Alikuwa na haki. Mtoto hasikii habari ya kina cha maji, lakini jina hilo husikia.

Wachimbaji wa mikono nao wana imani zao, nanyi mnazijua. Jiwe lina mwenyewe. Mshipa wa madini hukimbia mtu aliyevunja mwiko. Mwanamke asikaribie mdomo wa shimo. Kabla ya kushuka wengine humwendea nganga, wengine huchukua rozari, na wapo wanaochukua vyote viwili katika mfuko mmoja. Padri anaweza kuwacheka. Sisi hatuwacheki, maana anayeshuka mita nyingi chini ya udongo usioshikiliwa na mti wowote anajua kwa mwili wake kwamba uzima wake si mali yake. Ila kuhusu mwiko wa wanawake tunasema wazi kwamba ni uongo wenye faida kwa wengine: mama zetu huosha na kuchambua mawe juani siku nzima, nao hulipwa kidogo kuliko wote.

Tumefika pale palipo na hatari.

Zamani masimulizi ya mamba muntu yalimtazama tajiri. Yeye ndiye aliyeulizwa: umempeleka nani? Katika miaka hii ya shida, kidole kimegeuka. Hakimwelekei tena mwenye mali. Kinamwelekea mdogo kuliko wote katika nyumba. Baba amepoteza kazi: mtoto ameroga. Shimo limeanguka: mtoto alikutwa akizungumza katika usingizi. Mara nyingi ni yatima, au mtoto wa mke wa kwanza, anayekula kwa mjomba. Anapelekwa kwa mchungaji wa nyumbani au kwa nganga, ananyimwa chakula, anapigwa mpaka akiri kwamba usiku huenda chini ya maji, kwamba huko kuna mji na mama mwenye nywele ndefu. Na maneno hayo ameyatoa wapi? Ameyatoa ukutani. Ameitazama tablo tangu alipoanza kutambaa, naye akisukumwa aseme, anasema alichokiona.

Nyumba tuliyoitaja mwanzoni ni ya jinsi hiyo. Hatutaji jina wala jumuiya. Wenyewe walitaka kuchoma tablo, halafu wakauliza ni nani ndani ya nyumba anayefanana nayo. Mwone jinsi moto unavyotembea. Anayeanza kwa kuchoma picha kwa sababu ina roho, amekwisha kukubali kwamba roho huyo anatawala. Na roho anayetawala lazima awe na mtumishi, na mtumishi lazima apatikane. Kwa hiyo sisi hatuogopi tablo. Tunaogopa kiberiti.

Sheria iko wazi. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumshtaki mtoto kuwa mlozi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwekea adhabu anayefanya hivyo. Lakini kwa mkristu kuna sheria ya mbele zaidi. Mtoto huyo alibatizwa katika kisima hiki hapa. Alipakwa mafuta, alivikwa nguo nyeupe, na jina lake limo katika kitabu cha Baba Paroko. Anayemwita mtumwa wa maji anasema kwamba maji ya ubatizo yalishindwa na maji ya karieri. Tunaomba viongozi wa jumuiya: neno la namna hiyo likisikika katika nyumba, msingoje mkutano wa mwezi. Nendeni siku ile ile, wawili wawili, mkamchukue mtoto alale kwenu.

Kuhusu kuchoma sanamu, Kanisa lenyewe lilikwisha kupitia shida hii. Mnamo mwaka 600 Askofu Serenus wa Marseille alivunja picha katika makanisa yake kwa kuwa watu walikuwa wanaziabudu. Papa Gregori Mkuu alimwandikia kwamba alifanya vema kukataza kuabudu, lakini alifanya vibaya kuvunja. Maana asiyejua kusoma kitabu husoma ukutani. Mwaka 787 Mtaguso wa pili wa Nikea uliamua kwamba heshima inayotolewa kwa picha hupita mpaka kwa yule aliyechorwa. Na Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulitamka kwamba Kanisa halina mtindo mmoja wa sanaa ulio wake, bali hupokea mitindo ya mataifa. Wafuaji wetu wa Katanga wametutangulia katika hilo: toka miaka mingi hufua bamba za shaba kwa nyundo na kutoa humo Karamu ya Mwisho, Mama na Mtoto, nyuso za wazee. Mkono unaofua tembo kwa ajili ya watalii ndio unaoifua Karamu ya Mwisho.

Wachoraji wa magunia nao. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947 na kupotea mnamo mwaka 1981 pasipo kuonekana tena, alichora historia nzima ya nchi yetu. Alipochora kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito, kilichotokea tarehe 17 Januari 1961 katika Katanga yetu hii, aliweka nyuma ya maiti misalaba mitatu juu ya kilima. Hakuna padri aliyemwagiza. Alitafuta njia ya kusema kwamba watu watatu waliuawa na kwamba habari yao haijaisha, na njia aliyoipata ni ile aliyoiona katika Njia ya Msalaba kanisani. Hapo tunaona kwamba picha za nyumbani na picha za kanisa zimekwisha kuzungumza pamoja zamani. Sisi wenye kupanga mikutano ndio tuliochelewa.

Twamaliza na jambo la kazi. Baraza la paroki limetenga ukuta wa nyuma ya kisima cha ubatizo, na fundi anangoja kuambiwa achore nini. Wote wamekubali ubatizo wa Yezu katika Yordani. Ubishi uko juu ya maji, kama mnaweza kuweka kiumbe kingine zaidi ya samaki. Tunaleta mfano mmoja wa kale. Katika nyumba ya ubatizo ya Ravenna, Italia, iliyopambwa katika karne ya 5, Yezu amesimama mtoni, Yohane anambatiza, na kando yao, ndani ya maji, anatokea mzee mwenye ndevu. Mzee huyo ndiye mto Yordani wenyewe. Wapagani wa kule waliabudu mito na kuichora kama wazee. Wakristu hawakumfuta mzee, walimweka majini, nusu ya mwili, akimtazama Kristu. Amebaki pale miaka zaidi ya elfu moja na mia tano, na hakuna mtoto wa Ravenna aliyepigwa kwa ajili yake.

Tunapendekeza hivi: maji yawe ya Lualaba, na mamba muntu awe ndani yake, upande wa kushoto, asiwe mkubwa kuliko yule mzee wa Ravenna. Kioo ameweka chini juu ya jiwe, pamoja na kichanuo na saa. Nyoka hayupo. Mikono yake miwili imeinua mtoto na kumrudisha kwa watu walio ukingoni: baba, mama, na mchimbaji mmoja mwenye tochi kichwani. Wanaopinga wanaogopa kwamba wabibi watapiga magoti mbele yake. Sisi tunadhani wabibi wanajua zaidi ya hapo. Fundi ameomba jibu mbele ya mvua, kwa sababu chokaa ya ukuta ule haikauki majira ya mvua, na baraza litakutana siku ya Alhamisi baada ya Misa ya jioni. Kila jumuiya ilete mtu mmoja wa kusema. Aliye na tablo ya zamani nyumbani ailete pia, fundi aitazame. Ataandika jina la mwenyewe nyuma yake, na kila mmoja ataondoka na yake.